Yona wa Nyumba ya Murdakh

Mzee Gurji alipokaribishwa kiti hakukaa, na mgeni anayekataa kiti hajaleta neno jema. Alisimama katikati ya chumba, kofia mkononi, akamtazama Hazale, akatazama dirisha, akatazama na sufuria iliyokuwa ikitokota jikoni. Kila kitu alikitazama isipokuwa mgonjwa aliyelala kitandani mbele yake.

"Hali yake?" aliuliza.

"Si huyo hapo? Muulize mwenyewe," Hazale alijibu. "Anasikia kuliko mimi na wewe."

Mzee Gurji akakohoa. Yeye ndiye aliyeshika funguo za sinagogi la watu wa Zakho, Wayahudi waliohamia kutoka Kurdistani ya Iraki, pale Katamoni, Yerusalemu, na funguo zile alizibeba kifuani kama nishani. Tangu kiharusi kimwangushe Murdakh, kikachukua mkono wa kulia na ulimi wote, wazee walikuwa wakija kumwangalia na kuzungumza juu ya kichwa chake kana kwamba wamekuja kununua kitanda.

"Nimekuja kwa ajili ya Yona," alisema hatimaye.

Hakuhitaji kufafanua. Siku ya Upatanisho, alasiri, matumbo yamebana na midomo imekauka kwa mfungo, kitabu cha nabii Yona husomwa chote kwa sauti, mwanzo hadi mwisho. Wayahudi wote husoma, lakini kwa watu wa Zakho Yona ni jirani. Ninawi kwao haikuwa mji wa kitabuni. Magofu yake yalikuwa ng'ambo ya mto pale Mosuli, na babu zao walishuka huko kila mwaka kuuza ngozi. "Wale Mungu aliowahurumia walikuwa wateja wetu," Murdakh alizoea kusema, "na baadhi yao hawajalipa mpaka leo." Usomaji huo ulikuwa haki ya nyumba yake, baba kwa mwana, tangu huko walikotoka. Na desturi ilikuwa kali: mwaka ambao nyumba itakosa mtu wa kusimama, au atakayesimama asifike mwisho, haki inakwenda kwa mwingine, na hairudi.

"Shabo muuza kuku ameomba," alisema Mzee Gurji. "Ameomba kwa adabu. Amesema hata taa mpya atanunua."

"Najua alivyoomba. Aliomba hapo nje mlangoni, Sabato iliyopita. Alisema Yona hawezi kukaa katika nyumba ya bubu." Hazale aliinua sauti ili maneno yafike kitandani na baba yake ajue kwamba anapiganiwa. "Alidhani kiharusi kimeziba na masikio."

"Huyo Shabo ana mdomo, sikatai. Lakini nyumba hii haina mtoto wa kiume, binti yangu. Unataka nifanye nini?"

"Ina mkwe."

Mzee Gurji alicheka kabla hajajizuia. "Mromania?"

Bahati mbaya, au nzuri, Beno alikuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka kazini. Alikuwa fundi wa kupiga lipu, na chokaa ilikuwa imemkaa mpaka kwenye nyusi. Alisimama mlangoni akamwangalia mmoja baada ya mwingine.

"Mromania kafanya nini tena?" aliuliza.

Hapo ndipo Murdakh alipoinua mkono wake wa kushoto, ule mzima, akamnyoshea mkwewe kidole na kukikazia pale pale, mpaka Mzee Gurji akavaa kofia yake.

"Haya," alisema. "Aje kwenye somo la Sabato ya mwisho kabla ya mfungo, wazee wamsikie. Asipoweza, mtaniachia nifanye kazi yangu."

Beno alizaliwa Romania, katika nyumba ambayo Mungu hakutajwa mezani, kwanza kwa kuogopa serikali, baadaye kwa mazoea. Kiebrania alijifunza ukubwani, cha sokoni na cha kwenye jengo: leta mchanga, ongeza maji, nani kachukua nyundo yangu. Kusoma Manabii kwa mahadhi ya Zakho, ambako kila neno lina mahali pa kupanda na mahali pa kushuka, lilikuwa jambo jingine kabisa. Alimpenda mkewe, naye alimheshimu sana baba mkwe wake kwa sababu moja tu: siku ya posa yao mtaa mzima ulipopiga kelele kwamba binti anatupwa kwa mgeni, Murdakh alisema, "Na Ninawi walikuwa wageni," akamimina araki kwenye bilauri mbili.

Kila jioni ya mwezi ule, akishanawa chokaa, Beno alikaa uani chini ya mzabibu na kitabu cha nyumba hiyo: Manabii Kumi na Wawili, jalada la ngozi, kilichosafiri kutoka Zakho ndani ya gunia la unga. Wanaume wa nyumba ile hawakusomea Yona kwenye kitabu kingine. Hazale ndiye aliyekuwa mwalimu. Alikuwa mtoto pekee aliyeishi kati ya ndugu zake, na tangu utotoni ndiye aliyemshikia baba yake kitabu wakati wa mazoezi, Murdakh akitembea kati ya jiko na dirisha, yeye akimvizia akosee. Sura zote nne zilikuwa kichwani mwake. Mwanamke hakuruhusiwa kusimama kusoma mbele ya wanaume, naye hakuwahi kulilia hilo. Alichokitaka ni kwamba zisomwe.

"Hapana. Panda. Panda! Mbona unashuka?"

"Nimepanda."

"Hujapanda, umejikwaa. Rudia, 'Ondoka uende.'"

"Hazale, mke wangu, nimeondoka na kwenda tangu saa kumi na moja. Nipe chai."

"Chai utakunywa Ninawi."

Mtoto wa jirani alichungulia juu ya ukuta akaita, "Yona wa Bukaresti!" na kukimbia. Beno alicheka. Hazale hakucheka. Kila kicheko mtaani alikisikia kimetoka kwenye banda la kuku la Shabo, hata kama Shabo hakuwepo.

Polepole ikashika. Beno alikuwa na sikio, na subira ya fundi ambaye ukuta ukikataa lipu anaukwangua na kuanza upya. Tatizo lake lilikuwa maswali.

"Hebu nieleze," alisema walipofika sura ya nne. "Mji mzima umeokoka. Watu, watoto, ng'ombe. Mbona huyu amekasirika?"

"Amekasirika tu. Soma."

"Lakini yeye mwenyewe aliokolewa. Alitolewa tumboni mwa samaki. Yeye kuhurumiwa ni sawa, wao wakihurumiwa ananuna?"

"Beno, hakuna atakayekuuliza hayo. Watasikiliza sauti inapanda wapi. Soma."

Kwenye somo la Sabato wazee walikaa kuizunguka meza, kila mmoja akisoma aya kwa zamu, kama walivyofanya mwaka mzima, Hosea hadi Malaki kisha Hosea tena. Zamu ilipomfikia Beno walimsahihisha sauti, wakamsahihisha pumzi, mmoja akamsahihisha namna ya kukaa. Mwingine aliuliza kwa kiherehere kama huko Romania samaki wanameza watu au watu ndio wanaomeza samaki. Beno alirudia kila alichoambiwa, shingo nyekundu kama nyanya, mpaka Mzee Gurji akakubali kwa kichwa kwamba apewe nafasi. Shabo alikaa upande wa pili wa meza. Midomo yake tu ilikuwa ikienda sambamba na maneno, bila kitabu.

"Anasubiri nianguke," Beno alimwambia Hazale alipofika nyumbani.

"Basi usianguke."

Siku ya Upatanisho Murdakh alibebwa na kiti chake na vijana wawili, akawekwa mstari wa mbele, shuka ya sala begani. Hazale alipanda ngazi hadi kwa wanawake, akatafuta nafasi kwenye kizuizi cha mbao chenye matundu, akabandika jicho. Njaa hakuisikia. 

Beno aliitwa. Alipanda kwenye jukwaa amevaa nyeupe na raba za kitambaa, maana viatu vya ngozi havivaliwi siku ile, kitabu cha gunia la unga kifuani, akasoma baraka bila kosa. Kisha akaanza.

Alisoma, jamani. Walioenda pale kucheka walisahau. Alipanda panapopandwa, akashuka panaposhukwa, na kwenye maombi ya tumboni mwa samaki wazee walianza kuimba naye chini chini, jambo ambalo hawamfanyii mtu wanayemdharau. Mwanamke mmoja alimfinya Hazale pajani. "Mromania wako!" alinong'ona. Ninawi ikavaa magunia, mti ukaota, mti ukakauka, na Beno akafika neno la mwisho la Yona, lile la wanyama wengi. Akalishusha taratibu, akavuta pumzi, akafungua mdomo kuanza baraka ya kumalizia.

"Mika!" mtu alisema.

Beno akasita.

"Mika, Mika!" wakasema wengine, kwa upole kabisa, kama mtu anavyokumbushwa kofia yake.

Hapo ndipo damu ilipomwisha Hazale. Baada ya Yona husomwa aya tatu za mwisho za nabii Mika, zile zinazouliza ni Mungu gani anayesamehe kama huyu, zinazosema dhambi zitatupwa vilindini mwa bahari. Hakuna mtoto wa Zakho asiyezijua. Hutamkwa kando ya maji kila Mwaka Mpya wa Kiyahudi, siku kumi kabla ya mfungo, watoto huzijua kabla hawajajua njia ya kwenda dukani. Murdakh hakuwahi kuzifanyia mazoezi hata siku moja. Nani anafanya mazoezi ya jina lake? Na Mwaka Mpya uliopita Beno hakwenda majini, alibaki nyumbani kumlisha mkwewe supu. Hazale alimfundisha kila alichofundishwa. Lile ambalo halikufundishwa mtu yeyote, hakulikumbuka.

Beno aliinamisha macho kitabuni. Katika Manabii Kumi na Wawili, Yona akiisha anafuata Mika. Alikuwepo pale pale, chini ya kidole chake, kwa herufi kubwa. Uso wake uling'aa kwa kumshukuru Mungu. Na kwa sauti ile ile nzuri, akijitahidi kupanda na kushuka, akaanza Mika sura ya kwanza, mstari wa kwanza.

Mwanzoni hawakuamini. Kisha milima ikaanza kuyeyuka na mabonde kupasuka, na Samaria kugeuzwa lundo la mawe, saa ile ambayo watu waliofunga tangu jana walikuwa wakingoja kuambiwa wamesamehewa.

"Siyo hapo!"

"Mwisho, bwana, mwisho!"

"Mnyamazisheni, anatuangamiza!"

Kijana mmoja nyuma aliangua kicheko, na kicheko kwenye mfungo kinaambukiza. Beno alifunua kurasa mbele, akafunua nyuma, akapotea.  Murdakh kwenye kiti chake alikuwa akipumua kwa nguvu, mdomo umefunguka upande, na hakutoka kitu.

Mzee Gurji alipiga kofi juu ya meza. "Imetosha," alisema, na hakusema kwa furaha. "Msomaji hakufika mwisho. Shabo, panda umalizie."

Shabo aliinuka. Alikuwa mtu mkubwa, mabega ya kubebea matenga ya kuku, na watu walimpisha. Hazale alimwona anapanda jukwaani akasema moyoni maneno ambayo siku ile hayafai hata kufikiriwa.

Shabo akaweka kiganja chake juu ya kitabu, akakifunga. Akainama kwenye sikio la Beno.

"Usiangalie popote," alisema. "Nifuate." Akatamka maneno matatu kwa sauti ya chini.

Beno akayatamka kwa sauti ya juu.

"Shabo!" Mzee Gurji aliita. "Nimekwambia usome wewe."

"Msomaji ni huyu," Shabo alijibu bila kugeuka. "Mimi nimekuja kumshikia kitabu." Akatamka matatu mengine.

Wakaenda hivyo, neno kwa neno, mpaka dhambi zikafika baharini. Mahadhi hayakuwepo, maana Beno hakuwa na sauti iliyobaki, alikuwa akilia. Lakini kila neno lilitoka kinywani mwake, la mwisho pia. Alipomaliza baraka, Mzee Gurji alitazama dari muda mrefu, akasema, "Amefika mwisho," na hakuna aliyepinga.

Juu, wanawake walipangusa macho. "Umeuona uungwana wa Shabo?" alisema yule aliyemfinya Hazale. "Haki kaishika mkononi, kairudisha!"

"Nimeuona," alisema Hazale. Na ukweli ni kwamba alikuwa amekasirika mpaka masikio yanawaka. Nyumba yake imeokoka, mume wake kaokoka, na yeye alitamani wangeokolewa na mtu mwingine yeyote.

Nyumba yenye Yona ndiyo inayofuturisha. Giza lilipoingia na pembe kupulizwa, chumba cha Murdakh kilijaa watu, chai, keki, na sufuria kubwa ya kuba, madonge ya unga yenye nyama ndani, katika supu ya ndimu. Beno alipigwa mabega mpaka akaumwa. "Mwakani usituue, mkwe!" walimwambia. "Samaria imekukosea nini?" Alicheka nao, macho bado mekundu, na safari hii kicheko kilikuwa chake pia.

Murdakh tu ndiye aliyekataa kula. Hazale alimletea kijiko, akafumba mdomo. Akamletea chai, akageuza uso kuelekea mlangoni. Kila aliyeingia alimtazama, kisha akarudisha macho mlangoni tena. Hazale alijua anamtafuta nani. Alijua tangu kijiko cha kwanza.

"Nenda ukamwite," alimwambia Beno.

"Nenda wewe."

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu mimi nimeshamshukuru," alisema Beno.

Shabo alikaa mlango wa tatu, mjane, chumba kimoja nyuma ya banda. Hazale alimkuta mezani akivunja mkate na kuuchovya kwenye chai. Hakushtuka kumwona. Alimsogezea kiti, na Hazale hakukaa.

"Kwa nini ulifanya vile?" aliuliza, na sauti ilitoka kali kuliko alivyokusudia. "Miaka yote umeitaka. Ulikuwa umeshapewa."

"Unanishukuru au unanigombeza?"

"Sijui."

Shabo alitafuna mkate wake. "Kweli naitaka. Hata sasa naitaka. Kitabu cha Yona naweza kukusomea usingizini. Lakini nilipofika pale juu nikakumbuka ninachokwenda kusoma. Nisimame niseme Mungu anasamehe, huku nimemkanyaga huyu mtoto anatetemeka mbele ya mkwewe mgonjwa? Sauti ingenitoka wapi, binti Murdakh?"

Hazale alishika mgongo wa kile kiti.

"Lile neno langu," alisema Shabo, akiangalia chai. "La bubu. Alilisikia?"

"Alilisikia. Na mimi nililisikia."

"Alifanya nini?"

"Aligeukia ukutani. Hakula mpaka kesho yake."

Shabo alisukuma sahani kando. Alionekana mzee ghafla, na mchovu, na mabega yale hayakumsaidia.

"Baba anakuita," alisema Hazale. "Watu wote wamekula, yeye hataki kula. Anakungoja."

"Ananingoja mimi? Na neno lile alilisikia?"

"Ingekuwa ni uamuzi wangu nisingekuja," alisema Hazale, na aliposikia maneno hayo yakitoka kinywani mwake aliyaogopa. Mwezi mzima alifundisha mtu asiyejua, aya kwa aya, panda hapa, shuka pale. Mumewe alimuuliza ana nini yule Yona aliyekaa nje ya mji, amenuna juani kwa sababu wengine wamehurumiwa. Yeye alimwambia asome tu. Sasa alikuwa akimfahamu vizuri sana mtu yule, kwa ndani, na hakumpenda.

Shabo akachukua kofia yake, wakatoka. Mlangoni kelele za chumbani zilipungua, kisha zikanyamaza. Shabo alisimama kwenye ngazi, kofia mkononi, hakuingia.

"Na wewe?" aliuliza chini chini. "Umenisamehe?"

Ndani, Murdakh alikuwa amenyosha mkono wake mzima.

"Bado," alisema Hazale, akajibanza ukutani kumpisha. "Ingia, ami. Supu ya moto ipo."